Maua Chini ya Dirisha la Mama Mkwe

Kila siku alfajiri, jua likiwa bado halijapanda juu ya ukuta wa seremala, Fundi alitoka kwa mlango wa jikoni kwenda kuhudumia maua yanayoweza kumuua. Alivaa koti la mvua la mumewe hata kama mvua haijanyesha mwezi mzima. Alivaa buti, glavu za kuoshea vyombo, na kofia pana aliyoishonea neti ya pazia iliyomshuka hadi mabegani. Seremala, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alimwona hivyo siku moja akamuuliza kama anakwenda kuchimba makaa ya mawe. Fundi akasema ni baridi tu, huku jasho linamchuruzika mgongoni.

Mtaa ulimwita Fundi kwa sababu ya cherehani. Alishonea nyumbani sare za shule, mashati meupe na sketi za marinda, na mkono wake haukutetemeka hata kwenye tundu la kifungo. Mkono huohuo ndio uliotetemeka mbele ya tuta la hatua nne, chini ya dirisha la mama mkwe wake, kwa sababu tuta lile lilivuta nyuki, na Fundi aliogopa nyuki. Wala si kule kuogopa kwa watu wanaopunga mikono na kupiga mayowe, kisha wakacheka. Alishaumwa mara mbili maishani. Mara ya kwanza alikuwa na miaka tisa, akavimba uso mpaka macho yakapotea. Mara ya pili alikuwa na miaka kumi na tisa, bado anajifunza ushonaji, akaanguka juu ya meza ya kukatia vitambaa, akaja kuzindukia hospitalini na mpira puani. Daktari hakumzungusha. Alimwambia kwamba ana mzio, na kwamba mara ya tatu huenda asizinduke. Akamwandikia sindano ya dharura, ile ya kujichoma mwenyewe pajani, akamwonya asiwe mbali nayo.

Sindano hiyo ilikaa ndani ya kopo la vifungo, chini kabisa, imefukiwa na vifungo vya mashati ya mwaka mzima. Kila muda wake ulipokaribia kwisha Fundi alikwenda kununua nyingine, tena kwenye duka la dawa la mbali ambako hakuna anayemjua. Mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, hakujua. Binti yao, aliyekuwa shule ya bweni, hakujua.

Utauliza mtu mzima na akili zake anaficha jambo kama hilo kwa nini. Anaficha kwa sababu ya siku aliyoposwa. Watu walikuwa wamekaa, soda zinaendelea kunywewa, mara wifi yake mtarajiwa, dada wa mumewe, mwanamke asiye na dogo, akauliza mbele ya wote: "Na afya yake je? Tusije tukaletewa mgonjwa tena." Ile *tena* kila mtu aliielewa. Mke wa kaka mkubwa alikuwa amerudishwa kwao mwaka uliotangulia, ndoa haijamaliza hata miezi mitatu, kwa sababu ya kifafa. Shangazi yake Fundi akadakia kabla swali halijatua.

"Huyu? Huyu hata mafua hayamjui."

Watu wakacheka. Fundi akatazama zulia, akaitikia kwa kichwa. Kuitikia huko mara moja tu kulimfunga mdomo miaka kumi na mitano.

Ukweli ni kwamba nyuki wa mjini wanakwepeka ukiwa na adabu nao. Fundi hakunywa soda nje, hakukaa karibu na mapipa ya taka, hakununua matunda yaliyopasuka. Uani kwake kulikuwa na saruji, kamba ya nguo na kipande cha ardhi tupu chini ya dirisha la chumba cha wageni, naye alipenda kibaki tupu hivyohivyo. Ndipo mama mkwe alipohamia.

Mama mkwe alikuwa opereta wa simu kwa miaka thelathini. Maisha yake yote ya kazi alikaa na visikizi masikioni akiunganisha sauti za watu asiowaona, na inasemekana aliweza kumjua mtu anayedanganya kwa namna anavyomeza mate. Presha ya macho ilimla nuru polepole mpaka ikaisha. Alipopofuka kabisa alikaa kwa wifi miezi sita. Mwanawe, mume wa Fundi, alipomfuata alimkuta amekonda, anazungumza kwa sauti ya chini kama mtu aliyekatazwa. Akamleta nyumbani kwake na sanduku moja, redio, na kiberiti kilichojaa mbegu.

"Ni za maua yaliyokuwa chini ya dirisha la ofisi yetu," mama mkwe alimwambia Fundi. "Tulikuwa tukiyaita nungunungu. Nina ombi moja tu katika nyumba hii, mwanangu. Nipandie haya hapo nje."

Nani angekataa? Fundi alifuata maelekezo neno kwa neno. Alizichanganya mbegu na mchanga wenye unyevu, akazifunga ndani ya mfuko, akaziweka kwenye friji karibu na siagi kwa mwezi mzima, ili zidanganyike kwamba baridi imekuja na kupita. Kisha akazitia kwenye makopo, na miche ilipopata nguvu akaihamishia chini ya dirisha, mahali pa jua la kutwa. Ilishika miche saba. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa majani tu, majani magumu yenye vinyweleo, yamelala chini kabisa. Fundi alitaka kuongeza mbolea. Mama mkwe alimkataza akiwa dirishani.

"Ukiyalisha sana yatakuja kulala kama mlevi. Yaache. Mwaka huu yanateremka chini, yanatafuta pa kushika."

Ule ndio ulikuwa mwaka mzuri kuliko yote katika nyumba ile. Fundi alipalilia, mama mkwe alisimulia habari za ofisini, jinsi mabwana wakubwa walivyokuwa wakigombana na wake zao huku opereta amejitia hamnazo. Walicheka mpaka seremala akasimamisha randa yake kusikiliza.

Mwaka wa pili mabua yakapanda hadi kiunoni na maua yakafunguka. Kila ua lilikuwa na petali za zambarau zilizolegea kuelekea chini, na katikati kichwa kigumu cha miba miba rangi ya kutu. Fundi aliyatazama siku mbili nzima kwa furaha. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mama mkwe alimwita kwa sauti iliyochangamka.

"Wamekuja! Unawasikia? Hao ndio niliokuwa nikiwangoja. Sikiliza, kila mmoja ana sauti yake."

Fundi alikuwa ukumbini na trei ya chai. Aliwasikia vizuri sana. Mate yalimkauka, vikombe vikaanza kugongana, ikabidi aiweke trei sakafuni. Alitamani kusema pale pale. Neno lilifika kwenye ulimi, akamkumbuka wifi akiuliza swali lake siku ya posa, akalimeza.

Tangu siku hiyo aliishi kwa ratiba ya nyuki. Hawaruki kabla jua halijagusa maua. Hawapendi mvua wala upepo mkali. Kwa hiyo kumwagilia ilikuwa alfajiri, kupalilia alfajiri, kukata vichwa vilivyokauka alfajiri, na baada ya hapo mguu wake haukukanyaga upande ule wa ua mpaka kesho. Lakini dirisha lilikuwa halikwepeki. Mama mkwe alitaka lifunguliwe kila saa tatu na kufungwa jioni, na komeo lake lilikuwa gumu kwa mikono ya mzee. Fundi aliingia chumbani, akasukuma komeo, akatoka mbio. Mama mkwe akimwambia, "Kaa kidogo, mwanangu," yeye alishafika mlangoni: "Nina sare kumi na mbili za kumaliza, Mama." Sare kumi na mbili zile zilidumu msimu mzima.

Mwaka wa tatu hofu ilimshinda akafanya jambo ambalo hakuwahi kujisamehe. Vichwa vilipokuwa bado vidogo kama kifungo cha shati, vibichi, alitoka na mkasi akavikata vyote, kimoja kimoja, akavizika chini ya jaa. Kisha akaingia ndani, akatoa taarifa.

"Mama, mdudu ameyala maua yote."

"Pole yao," mama mkwe akasema, akageukia ukutani.

Hakulalamika. Ila redio ilizimwa miezi miwili, na sahani ilirudi jikoni na nusu ya chakula. Alipoambiwa wakae pamoja sebuleni alisema yuko sawa hapo hapo, Fundi aende akashone. Fundi alishona, na kila mshono aliuona kama wa mwizi. Aliona aibu kubwa. Aibu ile ilikaribia kuishinda hofu. Mwaka uliofuata alikata shauri kwamba hatagusa kichwa hata kimoja, liwalo na liwe, na hivyo ndivyo ilivyokuja ile kofia ya neti na buti na koti la mvua.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi kweli, si ya kumdanganyia seremala. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya saruji. Fundi alikuwa anakata maua yaliyozeeka, maana ukiyaondoa hayo mmea unaendelea kutoa mengine. Glavu ya mkono wa kulia ilikuwa inateleza kwenye pete ya mkasi, akaivua. Alijiambia ni dakika mbili tu, na jua bado. Alizijua saa za nyuki wanaoruka kuliko alivyozijua saa za mumewe. Hakuwahi kufikiria habari ya nyuki aliyechelewa jana jioni, akashikwa na baridi, akalala papo hapo chini ya petali.

Alishika ua kwa vidole vya mkono ule mtupu, na kitu kikamchoma kwenye nyama ya chini ya kidole gumba.

Hakupiga kelele. Alitazama mwiba umebaki pale na kifuko chake kinachezacheza, akaukwangua kwa ukucha. Akaanza kutembea. Hatua kumi na moja mpaka mlango wa jikoni, alizihesabu. Kwenye hatua ya tano viganja vilianza kuwasha. Kwenye ya tisa midomo ilikuwa mizito. Alipofika jikoni alisikia pumzi yake mwenyewe inapiga mluzi, na hofu iliyomshika haikuwa na maneno, ilikuwa baridi tu iliyoshuka kutoka kichwani hadi miguuni. Chumba cha cherehani kilikuwa mwisho wa ukumbi, mkabala na chumba cha mama mkwe. Aliuona mlango wake. Hakuufikia, akaanguka akigonga ukuta.

"Nani huyo?" mama mkwe akauliza kutoka kitandani.

Hapa ndipo ungemhurumia. Mwanamke amelala sakafuni, koo linafunga, na jambo la kwanza lililomjia ni kusema amejikwaa. Alifungua kinywa kabisa kulisema hilo. Kisha akavuta pumzi na pumzi ikaingia nusu, akajua kwamba uongo wenyewe utammalizia hewa iliyobaki.

"Mama. Nyuki. Nitakufa."

Kitanda kililia. Sauti iliyomjibu hakuwahi kuisikia, sauti kavu, tulivu, ya mtu aliye kazini.

"Neno moja moja. Dawa ipo?"

"Sindano."

"Chumba gani?"

"Cherehani. Kopo. Vifungo."

"Rafu ya juu au ya chini?"

"Chini."

Mama mkwe hakuwahi kuingia chumba kile peke yake. Alitoka pekupeku, kiganja ukutani, akamgusa Fundi kwa kidole cha mguu, akamruka. Fundi alimsikia akipapasa, akaangusha rili za uzi, akaangusha pasi. Halafu vifungo vikamwagika vyote kwa pamoja na kutawanyika mpaka ukumbini. Mikono ya mzee ilichambua sakafu haraka haraka, ikarudi na kitu kirefu.

"Ni hii?"

Fundi aling'oa kifuniko kwa meno, akaikandamiza pajani juu ya nguo, akahesabu. Mama mkwe alishatoa simu yake ya vitufe mfukoni. Hakuhitaji macho kwa kazi hiyo.

"Seremala, ni jirani yako. Fundi ameumwa na nyuki na koo linafunga. Lete pikapu mlangoni. Sasa hivi." Akakata. Akakaa chini katikati ya vifungo, akaweka kichwa cha mkwewe mapajani.

Zahanati walimshikilia mpaka saa tisa alasiri, wakimtazama na kumpima. Alipoambiwa yuko salama, hofu haikuondoka, ilibadilisha tu mahali pa kukaa. Njia nzima ndani ya pikapu alipanga maneno. Angemwambia mumewe nini? Wifi angefika lini? Seremala alimtazama, akafungua redio, akaizima.

Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani. Dirisha lilikuwa limefungwa, komeo limesukumwa hadi mwisho, na vidole vyake viwili vilikuwa na michubuko.

"Kaa," akasema. Fundi akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Wifi yako alipiga. Nimemwambia umekwenda kununua vifungo."

Fundi alitaka kucheka, yakatoka machozi.

"Tangu lini?" mama mkwe akauliza.

"Tangu nina miaka tisa, Mama."

"Na mume wako?"

"Hajui. Niliogopa mtanirudisha kwetu. Kama yule mwenzangu wa kifafa."

Mama mkwe aliinamisha uso. "Yule," akasema, "mimi nilinyamaza tu. Wengine walisema, mimi nikanyamaza, na nilikuwa na mdomo. Sijalala vizuri tangu siku ile." Akakunja ncha ya shuka, akaikunjua. "Na yule mdudu wa mwaka jana?"

"Ni mimi."

"Najua. Nilisikia mkasi. Tena ule wa kukatia vitambaa, ule mzito. Nilivihesabu vichwa vikianguka. Thelathini na nane."

Fundi hakuweza kumtazama, ingawa macho yale yasingeweza kumwona.

"Nikajiambia, huyu binti amenichoka," mama mkwe akaendelea. "Hata hicho kidogo ananinyima. Nisingelijali sana. Lakini ukija kufungua dirisha unabana pumzi. Kila siku. Unafika mlangoni unaibana, unafungua komeo, unatoka, ndipo nakusikia unapumua kule ukumbini. Sasa mtu anabana pumzi kwa nini akiingia chumba cha mzee? Nikajua nanuka."

Fundi alihisi kama amechomwa mara ya pili. Hakuwahi kujua kwamba anabana pumzi.

"Ndiyo nikaanza kuoga mara mbili. Ndiyo nikawa nakwambia nenda kashone, usije ukateseka. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Niliogopa utamwambia mumeo nimekuchosha, anirudishe kwa dada yake."

"Mama, walikuwa nyuki. Nilikuwa naogopa nyuki tu."

"Nimesikia. Leo nimesikia." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Kesho seremala ayang'oe akayapande kwake, kule nyuma ya karakana. Mizizi imeshuka mno, mengine yatakatika. Basi yakatike."

Fundi alitaka kusema hapana, Mama, yaache, ni yako. Lilikuwa jibu zuri na lilimstahili mtu kama yule. Lakini mkono ulikuwa bado umevimba, na kila alipotazama kioo cha dirisha ngozi ilimsisimka. "Sawa, Mama," akasema. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, wala hakuna aliyejifanya kwamba haikumuuma.

Wakakaa. Nje ya kioo jua lilikuwa bado liko juu ya maua, na nyuki walikuwa wamejaa tele, lakini sauti yao haikupenya.

"Sasa niambie kweli," mama mkwe akasema, na sauti ya opereta ilikuwa imemwishia kabisa. "Usinionee haya. Nanuka?"

Fundi alitoka kwenye kiti, akapiga magoti mbele ya kitanda, akaweka uso wake shingoni kwa yule mama. Kifua kilikuwa bado kinamuuma. Akavuta pumzi ndefu, yote.

"Poda," akasema. "Unanukia poda, Mama. Tena umezidisha, unataka kunipigisha chafya."

Mama mkwe hakucheka. Alimshika kichwa kwa mikono miwili, asimwachie aondoke.

"Vuta tena," akasema.

Fundi akavuta tena.